Timu za visanamu za Blood Bowl: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu mpya anapovuta kiti mezani. Ya mwanzo ni ya asiyejua kitu; ya mwisho ni ya wale ambao tayari wana timu na sasa wanabishana.

## Mwanzo wa mwanzo

Blood Bowl ni mchezo gani hasa?

Ni mchezo wa mezani wa watu wawili, uliobuniwa na Jervis Johnson na kutolewa na Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, mwaka 1986. Chukua futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kisha wape maorki wenye ngozi ya kijani, panya wanaotembea wima, maelfi wenye masikio marefu na mifupa iliyofufuliwa waicheze katika dunia ya njozi ya Warhammer, mchezo mwingine wa kampuni hiyo. Kumpiga mwenzako si faulo, ndiyo kazi yenyewe. Mchezo una hata mungu wake, Nuffle, ambaye jina lake ni utani uliotokana na herufi za ligi ya Marekani, NFL. Dadu zikikukataa, yeye ndiye wa kulaumiwa.

Uwanja una miraba 26 kwa 15. Kila timu huingiza wachezaji 11, na kuna vipindi viwili vya zamu 8 kwa kila upande. Ukifikisha mpira kwenye mstari wa mwisho wa mpinzani, umepata tachidauni, na kila tachidauni ni pointi moja. Mtu anayecheza huitwa kocha. Neno "mchezaji" tunamwachia kisanamu. Tutalishika hivyo katika ukurasa huu wote.

Timu moja ina visanamu vingapi?

Huwezi kuanzisha timu ukiwa na chini ya 11, na orodha yako haiwezi kuzidi 16. Maboksi mengi ya Games Workshop ya miaka ya karibuni yana visanamu 12, na hao wanatosha kwa mechi ya kirafiki. Ligi ni habari nyingine: watu huumia, hukosa mechi inayofuata, wengine hufa kabisa. Kocha wa ligi huishia kuhitaji 14 hadi 16.

Ndani ya boksi mara nyingi utakuta fremu mbili za plastiki zinazofanana, kila moja na wachezaji sita. Maana yake kila mkao unao mara mbili. Zungusha kichwa, badilisha mkono, kata kidole, fanya lolote ili pacha wasifanane sana. Faida yake utaiona kwenye swali la "nani ni nani".

Ninunue boksi kwanza au niandike orodha kwanza?

Orodha. Hili ndilo kosa namba moja la wageni, na mimi nililifanya: nilinunua nilichokipenda, nikakaa kuhesabu, nikakuta nina wanne wa aina ambayo kanuni zinaruhusu wawili.

Kila timu huanza na dhahabu 1,000,000, na kila aina ya mchezaji ina bei na kikomo. Kwa toleo la 2020, timu ya Binadamu inaweza kupangwa hivi: wavamizi wanne kwa 85,000 kila mmoja (340,000), wadakaji wawili kwa 65,000 (130,000), mrushaji mmoja kwa 80,000, na watu watano wa mstari kwa 50,000 (250,000). Hapo una wachezaji 12 kwa 800,000. Ongeza nafasi tatu za kurudia dadu kwa 150,000 na tabibu wa 50,000, na mfuko umeisha bila kubaki hata shilingi ya soda.

Sasa fungua picha ya boksi na uhesabu: je, hao 12 wamo? Kama mvamizi mmoja amepungua, utajua kabla ya kulipa. Majitu makubwa, kama zimwi la Binadamu au trolo wa Maorki, mara nyingi huuzwa peke yake. Bei za dhahabu hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo uliza ligi yako inatumia lipi.

Nianze na timu ipi?

Ukimuuliza kocha mzoefu kuhusu ushindi, atakwambia Maorki au Madwafu, kwa sababu wanasamehe makosa. (Tunasema Madwafu kwa makusudi, "mbilikimo" ni neno linalobebeshwa watu halisi.) Mimi nakujibu kwa upande wa visanamu.

Maorki ni rahisi kupaka: ngozi ya kijani, chuma, jezi, umemaliza. Wana miili minene isiyovunjika. Madwafu ni wepesi vilevile, ila ndevu zao zitakula usiku wako. Skaven, yaani panya, wana mikia, na mkia ndio unaokatika kwanza. Lakini mkimbiaji wao wa mitaro huenda miraba 9 kwa zamu, wakati Dwafu wa kawaida huenda 4, na raha ya kumwona mpinzani akihesabu miraba kwa kidole huku jasho likimtoka haina bei. Elfi wa msituni wanapendeza kuliko wote na huvunjika kuliko wote, mezani na mkononi.

Halflingi na Magoblini, viumbe wadogo na dhaifu, ni timu za wanaopenda kucheka wakifungwa. Ukianza nao, usije kulalamika.

## Vitako na uwanja

Kitako kinachofaa ni cha ukubwa gani?

Mchezo uliporudi sokoni mwaka 2016, miraba ya uwanja iliongezwa hadi milimita 34 na mchezaji wa kawaida akapewa kitako cha milimita 32. Kabla ya hapo mraba ulikuwa milimita 29 na kitako 25. Majitu huwekwa kwenye 40. Wadogo kama Magoblini hubaki kwenye 25.

Kanuni haihesabu milimita. Kila mchezaji hukaa mraba mmoja tu, awe panya au zimwi. Kitako ni suala la kusomeka na la kupenyeza vidole wakati watu kumi wamebanana katikati ya uwanja.

Nina timu ya zamani yenye vitako vya 25. Niitupe?

La hasha. Kitako kidogo kwenye mraba mkubwa hakina tatizo lolote. Ukitaka zifanane na za leo, kuna pete za plastiki zinazozunguka kitako cha 25 na kukifikisha 32, na unaweza kuzikata mwenyewe kutoka kwenye plastiki ngumu.

Shida huja kinyume chake: timu mpya kwenye uwanja wa zamani. Vitako vya 32 kwenye miraba ya 29 vitasukumana, na baada ya zamu tatu hakuna atakayeapa nani alikuwa mraba upi. Hapo chora uwanja mpya kwenye kadibodi au kitambaa. Rula na kalamu ya wino vinatosha.

## Plastiki, resini, chuma, karatasi

Kuna tofauti gani kati yao?

Plastiki ngumu ndiyo rafiki wa anayeanza. Hukatwa kwa kikoleo kidogo, husuguliwa kwa msasa laini, na huunganishwa kwa gundi maalumu inayoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Gundi hiyo haishiki kitu kingine chochote, kwa hiyo usiitumie kwenye chuma au resini kisha ukalaumu duka.

Resini hubeba maumbo madogo vizuri mno, lakini ni kama biskuti: ikianguka, inakatika. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya rangi, kwa sababu hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta. Unapoisugua, ilowanishe na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta. Gundi yake ni supaglu.

Chuma ni kizito na kina hadhi yake. Nacho ni cha supaglu, na mkono mzito unahitaji kutobolewa na kupitishwa kipande cha waya ndani ili usidondoke. Ukipata visanamu vya miaka ya 1980, ujue vingi vina risasi ndani yake: osha mikono, na usivisugue pikavu.

Jambo moja ambalo maelezo ya madukani hayasemi: katika Blood Bowl, kisanamu hulala sana. Mchezaji aliyeangushwa hulazwa chali, aliyepigwa butwaa hulazwa kifudifudi, na hiyo ni kanuni, ndivyo mnavyotofautisha hali zao. Mechi nzima ni kulaza na kuinua. Pembe nyembamba, mikia mirefu na mikono iliyonyooshwa angani havidumu. Ukiona kisanamu kizuri mtandaoni, jiulize kwanza kitalalaje.

Ni lazima vitoke Games Workshop?

Kwa mechi za nyumbani na ligi nyingi za marafiki, hapana. Wachongaji huru wamekuwa wakitengeneza timu za futiboli ya njozi kwa miaka mingi. Greebo Games ya Italia na Willy Miniatures ya Hispania ni majina ambayo kila kocha wa Ulaya anayajua. Kazi zao nyingine zina ucheshi kuliko za kampuni mama, nami sioni aibu kusema hivyo.

Kwenye mashindano, soma tangazo. Yale yanayosajiliwa na NAF, chama cha makocha wa dunia nzima ambacho Kombe lake la Dunia lilichezwa Dornbirn, Austria, mwaka 2019 na Alicante, Hispania, mwaka 2023, kwa kawaida hujali kama timu inasomeka kuliko imetoka kiwanda gani. Mashindano ya kampuni yenyewe yanaweza kudai visanamu vyake.

Vipi vya kuchapwa kwa printa ya 3D?

Vinafaa, na kwa mtu aliye mbali na maduka vinaweza kuwa njia fupi kuliko kusubiri kifurushi. Nunua faili kwa mchongaji mwenyewe; faili iliyoibwa ni wizi hata kama hukuvunja mlango wa mtu. Resini ambayo haijaiva hudhuru ngozi, kwa hiyo glavu hazina mjadala, na kisanamu kikaushwe kwenye mwanga wa urujuanimno hadi kiache kunata. Ya kusugua na kuvunjika ni yaleyale ya resini hapo juu.

Sina hela ya visanamu. Nitumie karatasi?

Tumia. Boksi la kwanza la mwaka 1986 lenyewe lilikuja na wachezaji wa kadibodi wa kusimamishwa. Anayekucheka hajui historia ya mchezo wake. Chora mtu, andika namba na nafasi, mbandike kwenye kizibo cha soda, cheza. Kizibo kina upana wa takriban milimita 32, kwa hiyo hata kitako umepata bure.

## Rangi

Ni lazima nipake rangi?

Kanuni hazisemi hivyo, ila mashindano mengi hudai. Ligi za nyumbani huvumilia kijivu kwa muda, kisha utani huanza.

Mpinzani atajuaje nani ni nani?

Swali hili ndilo uti wa mgongo wa jambo zima, na ningetamani watu waliulize kabla ya kununua hata brashi.

Timu ya visanamu si pambo la kabati. Ni taarifa. Kocha aliyekaa upande wa pili, umbali wa mkono na nusu, chini ya balbu ya sebuleni, anatakiwa aangalie na ajue: yule mrushaji, wale wavamizi, wengine ni wa kawaida. Akikosea kwa sababu umempaka mdakaji kama mtu wa mstari, hukumshinda, umemchanganya. Na zamu huisha mara mchezaji wako anapoangushwa katika zamu yako mwenyewe, kwa hiyo kosa moja la kutomtambua mtu linaweza kumgharimu zamu nzima.

Jezi iwe moja kwa timu nzima. Tofauti iwe mahali pamoja palepale kwa kila mchezaji. Mimi hutumia kofia: wavamizi kofia nyekundu, warushaji nyeupe, wadakaji njano, wa mstari rangi ya chuma. Wengine hutumia ukingo wa kitako, na hilo ni bora zaidi kwa sababu ukingo unaonekana hata mchezaji akisongwa. Usitumie rangi ya viatu. Hakuna anayeangalia viatu.

Kisha namba. Kila mchezaji kwenye orodha ana namba, kati ya 1 na 16, na namba hiyo iwe kwenye kisanamu. Mgongoni panapendeza, lakini mchezo huu hauna mbele wala nyuma: mchezaji anaweza kuangalia popote bila kubadilisha kitu. Andika mgongoni kwa ajili ya uzuri, na kwenye ukingo wa kitako kwa ajili ya mechi. Wale pacha wa fremu mbili ndio wanaohitaji namba kuliko wote.

Mwisho, ujuzi. Katika ligi wachezaji hukua: huyu amejifunza kukwepa, yule kulinda wenzake. Makocha wengi huvisha pete za rangi kwenye kitako, rangi moja kwa ujuzi mmoja. Vile vibendi vidogo vya mpira vya kusukia nywele hufanya kazi hiyo kwa bei ya pipi. Andika maana ya rangi juu ya karatasi ya orodha yako, umpe mpinzani nakala.

Andakoti yangu, ile rangi ya kwanza ya chini, imetoka na chengachenga kama chumvi. Nimekosea wapi?

Hali ya hewa. Rangi ya kupulizia haipendi unyevu, na sisi wa Pwani unyevu ndio hewa yetu. Usipulize alfajiri, wala baada ya mvua, wala jioni upepo wa bahari ukiwa umeingia. Puliza mchana mkavu, kivulini, tabaka jembamba, ngoja, jingine. Msimu wa masika hata usijaribu: paka andakoti kwa brashi.

Makopo ya kupulizia hayaruhusiwi kusafirishwa kirahisi kwa ndege kwa sababu ni mzigo wa hatari, kwa hiyo usiyatarajie kwenye kifurushi. Andakoti ya kijivu ya magari kutoka duka la spea hufanya kazi. Ijaribu kwanza kwenye fremu tupu. Nyingine ni kali na hulainisha plastiki.

Rangi inabanduka baada ya mechi mbili.

Vanishi. Tabaka moja la kung'aa kwa ugumu, juu yake tabaka lisilong'aa kwa uzuri. Kumbuka nilivyosema kuhusu kulala. Chuma hubanduka zaidi, hasa puani na magotini.

Nibebeje timu bila kuvunja?

Gandisha sumaku ndogo chini ya kila kitako, uwasimamishe ndani ya kopo la biskuti la bati. Nimepanda nalo daladala, kopo likakaliwa na mtu, panya mmoja tu akapoteza mkia.

## Ya pembeni, ya kubishaniwa

Kisanamu kimoja kinaweza kucheza nafasi mbili tofauti?

Katika mechi tofauti, ndiyo, mradi useme hivyo kabla ya mechi kuanza. Katika mechi moja, la. Na usimtumie mvamizi mwenye mabega ya chuma kama mtu wa mstari wakati wavamizi wengine wanne wanaofanana naye wako uwanjani. Hilo nimeshalijibu kwenye "nani ni nani".

Mchezaji wangu amekufa katika ligi. Kisanamu nacho kizikwe?

Vazi la kinga la mchezaji likivunjwa, mpinzani hurusha dadu mbili za jeraha: 2 hadi 7 ni butwaa, 8 au 9 ni kuzimia, 10 na kuendelea anatolewa uwanjani akiwa majeruhi, na huko ndiko kifo kinakopatikana. Aliyekufa hafutiki sandukuni. Mpe mrithi namba mpya na jina jipya, kisha badilisha kitu kidogo: bandeji, kovu, rangi ya kofia. Makocha wengine huchora msalaba mdogo chini ya kitako kwa kila marehemu aliyekivaa. Nina Orki mmoja mwenye misalaba mitatu, na hakuna anayetaka kuvaa jezi yake.

Zimwi langu linaning'inia juu ya miraba ya jirani.

Linahesabika mraba wake tu. Ukishindwa kuweka wengine karibu nalo, weka dadu ndogo kwenye mraba wake na ulisimamishe pembeni hadi msongamano upungue. Mpinzani akikataa utaratibu huo, mwombe basi alishike yeye.

Goblini wangu ana msumeno, ila kisanamu hakina.

Mpe msumeno. Silaha za siri, yaani misumeno, mabomu na wale wenye tufe la chuma kwenye mnyororo, hubadilisha kabisa namna mpinzani anavyojipanga, kwa hiyo lazima zionekane. Kipande cha waya na bati la kopo vinatosha.

Tumekutana timu mbili zenye jezi ya rangi moja.

Kwenye mpira wa kawaida mgeni hubadilisha. Hapa hakuna jezi ya ugenini, kwa hiyo mmoja avishe timu yake vibendi vya rangi moja, tofauti na vya ujuzi. Nani? Rusheni dadu. Aliyepata ndogo ndiye anayevisha, naye aanze kabla chai haijapoa, kwani wachezaji 11 ni wengi.